Lesi ya Mkono na Hariri: Mwongozo Kamili wa Kufuma Pindo la Foronya na Kitambaa cha Stuli kwa Maji, Vumbi na Jua la Dodoma

Vitambaa vingi vya kufuma nilivyoona vikiharibika hapa mjini havikuharibiwa na kroshia. Vimeharibikia kwenye beseni, kwenye kamba ya kuanikia, au ndani ya sanduku. Mtu anakaa mwezi mzima akihesabu vitanzi, halafu anakifua kitambaa kwa maji ya kisima na sabuni ya mche, anakianika saa saba mchana upepo wa Agosti ukivuma, na jioni anashangaa mbona kimekuwa kigumu kama kadibodi na kina rangi ya udongo wa Chamwino. Kwa hiyo nitaeleza ufumaji hatua kwa hatua, lakini nikifika kwenye maji usiniharakishe.

Tutatengeneza vitu viwili. Cha kwanza ni pindo la lesi kwa jozi ya foronya za pamba. Cha pili ni kitambaa cha stuli chenye kipande cha hariri katikati, kikizungushiwa lesi ileile. Tunaanza na foronya kwa sababu haina kona. Mdomo wake unazunguka tu, na mkono unaojifunza unahitaji kazi isiyokuwa na kona.

Mambo machache kuhusu lesi na hariri

Lesi ni kitambaa ambacho mapambo yake yako kwenye matundu. Zipo njia nyingi za kuyapata. Wa Bruges, kule Ubelgiji, hupishanisha nyuzi zilizoviringishwa kwenye vijiti vya mbao juu ya mto. Wa Burano, kisiwa kilicho karibu na Venice, hutumia sindano ya kawaida ya kushonea na uzi mmoja. Sisi tunatumia kroshia, ile sindano yenye ndoano. Hii ilipata umaarufu mkubwa Ireland baada ya ugonjwa kuangamiza viazi kuanzia mwaka 1845. Masista na akina mama waliwafundisha wanawake wenye njaa kuiga lesi za Venice kwa kroshia, kwa sababu ilikuwa ya haraka kuliko sindano, nao wakaziuza wakanunua chakula. Kwa hiyo huu ufumaji tunaouona ni wa kukaa sebuleni ulikuwa kazi ya njaa. Sisi wa Ugogo, ambao wazee wetu walituhadithia Mtunya, ile njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, tunalielewa jambo hilo bila kuelezwa sana.

Hariri nayo hutoka kwa mdudu. Mabuu wa nondo aitwaye Bombyx mori hula majani ya mforosadi, kisha hujizungushia uzi mmoja usiokatika ambao unaweza kufika mita 900 na zaidi. Uzi huo ni protini, kama nywele zako. Kumbuka hilo tu, mengine yote kuhusu kuifua hariri yanatoka hapo: ukiiogopea kama nywele za mtoto mchanga hutakosea.

Vifaa

Uzi wa pamba wa kufumia, namba 10. Namba ikiwa kubwa uzi ni mwembamba: 20 ni mwembamba kuliko 10, na 40 ni mwembamba zaidi. Anayeanza asijitese na 40. Chagua uzi unaong'aa kidogo na uliosokotwa vizuri. Mng'aro huo hutokana na pamba kupitishwa kwenye kostiki soda ikiwa imevutwa. Mwingereza John Mercer ndiye aliyegundua mwaka 1844 kwamba dawa hiyo huipa pamba nguvu na kuifanya ishike rangi, na nusu karne hivi baadaye ikajulikana kwamba ikivutwa wakati huo inang'aa. Uzi usiopitia huko hutoa manyoya baada ya kufuliwa mara tatu nne. Kibonge cha gramu 50 kinatosha jozi ya foronya, nami hubakiwa na kidogo.

Kroshia ya chuma, milimita 1.5. Ipitishe kidole kwenye ndoano kabla ya kulipa. Ikikukwaruza, itakwaruza uzi pia.

Sindano nyembamba ya kushonea, pini zisizoshika kutu, utepe wa kupimia, mkasi mdogo wenye makali, na taulo jeupe la zamani. Soko la Majengo unapata karibu vyote. Ukikosa uzi wa rangi unayotaka, agiza Kariakoo. Ila nunua vibonge vyote vya kazi moja kwa siku moja, kwa sababu nyeupe ya kibonge hiki na nyeupe ya kile hazifanani, na tofauti huionei dukani. Utaiona kitandani.

Foronya iwe ya pamba tupu, na uifue mara mbili kabla ya kuigusa. Pamba mpya husinyaa. Ukiishonea lesi kabla haijasinyaa, nguo itarudi nyuma na lesi itabaki imekunjana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Kuitambua hariri ya kweli

Hapa nitakaa kidogo maana pesa nyingi zinapotea. Madukani kwetu neno hariri limekuwa jina la kitu chochote kinachoteleza na kung'aa. Nyingi ni poliesta. Muuzaji si lazima awe anakudanganya, naye ameuziwa kwa jina hilo.

Omba nyuzi mbili tatu kutoka kwenye ukingo, zishike kwa koleo au pini, ziwashe juu ya sahani. Hariri huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, hujizima yenyewe ukiondoa moto, na huacha majivu meusi yanayosagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na huacha shanga ngumu isiyovunjika. Pamba na reyoni huungua haraka na kunuka kama karatasi. Kipimo hiki cha pua hakijawahi kuniangusha.

Hariri safi ya dukani ni ghali, na mimi mara nyingi sinunui. Naenda kwenye mitumba Sabasaba mapema, natafuta skafu kubwa na tai za wanaume. Tai nyingi za zamani ni za hariri tupu, na zina lebo ndogo nyuma. Angalia maneno kama silk, soie, seta au Seide, yote ni hariri kwa lugha za huko zilikotoka. Lebo ikiwa imekatwa, rudi kwenye moto. Tai moja haitoshi kitambaa cha stuli, lakini skafu moja inatosha na masalio yanabaki.

Vitanzi vinne vya kujua

Shangazi yangu wa Mpwapwa aliyenifundisha alikuwa mke wa fundi muashi, akaniwekea kila kitu kwa majina ya ujenzi. Fundi mwingine atakuwa na majina yake. Mimi sijabadili.

*Cheni.* Funga kitanzi cha kuanzia kwenye kroshia, zungusha uzi juu ya ndoano, uvute upite ndani ya kitanzi. Hiyo ni cheni moja. Fuma cheni hamsini, fumua, fuma tena, mpaka zote zilingane. Ukikaza sana kroshia haitaingia mstari unaofuata, na ukilegeza sana ukingo wa lesi utapepea.

*Nguzo.* Zungusha uzi mara moja kwenye kroshia, ingiza kroshia mahali pake, vuta uzi. Una vitanzi vitatu. Zungusha uzi, upitishe kwenye viwili. Zungusha tena, upitishe kwenye viwili vilivyobaki.

*Nguzo fupi.* Ingiza kroshia, vuta uzi, una vitanzi viwili. Zungusha uzi, upitishe kwenye vyote viwili.

*Dirisha na tofali.* Dirisha ni cheni 2, ruka nafasi 2, nguzo 1. Tofali ni dirisha lililozibwa: badala ya cheni 2 unaweka nguzo 2, halafu nguzo 1 ya kufungia. Lesi yetu yote ni madirisha na matofali tu. "Nyumba isiyo na madirisha ni ghala," shangazi alikuwa akisema kila nilipojaza matofali mengi kwa kutaka kumaliza nyumba nzima ya maua siku moja.

Kufuma pindo

Pindo hili ni utepe wa madirisha 7 kwa upana, wenye ua la pembe nne linalojirudia kila baada ya mistari 6.

Anza na cheni 26.

Mstari wa 1. Weka nguzo kwenye cheni ya 8 ukihesabu kutoka kwenye kroshia. Dirisha la kwanza limepatikana. Endelea: cheni 2, ruka cheni 2, nguzo 1, mpaka mwisho. Unatakiwa kuwa na madirisha 7. Kama una 6 au 8, fumua sasa hivi. Kosa la mstari wa kwanza halijifichi, linakua.

Kuanzia hapo kila mstari huanza kwa cheni 5 kisha unageuza kazi. Tatu zinasimama badala ya nguzo, mbili ni kizingiti cha juu cha dirisha la kwanza. Ruka nguzo ya ukingoni, weka nguzo yako kwenye kichwa cha nguzo inayofuata. Mwisho wa mstari, unapofika kwenye zile cheni ulizogeukia mstari uliopita, ruka mbili na weka nguzo ya mwisho ndani ya ya tatu. Wanafunzi wangu karibu wote wanaisahau hiyo nguzo ya mwisho, na utepe wao unapungua upana kidogo kidogo kama mkia wa mjusi.

Mstari wa 2. Madirisha 3, tofali 1, madirisha 3.

Mstari wa 3. Madirisha 2, matofali 3, madirisha 2.

Mstari wa 4. Dirisha 1, matofali 2, dirisha 1, matofali 2, dirisha 1.

Mstari wa 5. Kama wa 3.

Mstari wa 6. Kama wa 2.

Kisha mstari wenye madirisha matupu 7, ambao ndio mstari wa 1 wa ua linalofuata, na unaendelea.

Tofali likikaa juu ya dirisha, zile nguzo 2 zinaingia ndani ya tundu lenyewe, si kwenye cheni. Likikaa juu ya tofali, kila nguzo inakaa juu ya kichwa cha nguzo. Dirisha likikaa juu ya tofali, fuma cheni 2, ruka vichwa 2, nguzo 1.

Ili usipotee, hesabu nguzo za kila mstari, ukizichukulia cheni tatu za mwanzo kuwa nguzo moja. Mstari wa 1 hadi wa 6 uwe na 8, 10, 14, 16, 14, 10. Nimeziandika kwa kalamu kwenye kipande cha boksi na kukining'iniza ukutani pale ninapokaa. Umeme ukikatika naendelea kwa taa ya simu bila kuangalia chochote kingine.

Ukimaliza maua 5, simama upime. Kwa mkono wangu, uzi namba 10 na kroshia ya 1.5, maua 5 ni sentimita 18, yaani kila ua sentimita 3.6, na upana wa utepe ni kama sentimita 4.5. Foronya ya kawaida yenye mdomo wa sentimita 50 ina mzunguko wa sentimita 100. Gawa kwa 3.6, unapata karibu maua 28. Wewe mkono wako si wangu, kwa hiyo gawa kwa kipimo chako, ila idadi ya maua iwe shufwa. Sababu utaiona kwenye mawimbi.

Maua 28 ni mistari 168. Usiifume kwa siku mbili. Mwenye mkono wa uchovu hukaza uzi, na utepe wa Jumatatu utakuwa mwembamba kuliko wa Jumapili. Mimi hufuma maua manne hadi sita kwa jioni moja, redio ikiongea.

Ukifikia urefu, shona mstari wa mwisho na ule wa mwanzo wa cheni kwa sindano, kichwa kwa kichwa, utepe uwe duara. Angalia usijipinde. Nimewahi kuunganisha utepe uliojipinda, nikagundua nikiwa nimeshauzungushia mawimbi yote. Nilikaa kimya, nikachukua mkasi.

Sasa mawimbi, upande mmoja wa duara tu. Kila mstari umeacha tundu pembeni. Nguzo fupi 1 kwenye tundu la kwanza, ruka tundu 1, nguzo 7 ndani ya linalofuata, ruka tundu 1, nguzo fupi kwenye linalofuata. Kila wimbi linakula matundu 4, na 168 ikigawanywa kwa 4 ni 42 kamili. Ndiyo maana ya shufwa: kwa idadi ya witiri wimbi la mwisho litabaki nusu, na litakaa mahali ambapo mama mkwe atatazama kwanza.

Kuipachika kwenye foronya

Fua lesi yenyewe kwanza, iache ikauke, ndipo uishone. Igawe mara nne kwa pini, na mdomo wa foronya vilevile, kisha ulinganishe pini kwa pini. Lesi ikiwa ndefu kuliko nguo kwa sentimita moja au mbili, sambaza ziada hiyo kidogo kidogo. Ikiwa fupi, usiivute. Ongeza maua mawili.

Shona kwa mkono, mishono midogo ya kuzungushia ukingo, takriban milimita 3 kati ya mshono na mshono. Mashine ya cherehani inawezekana, lakini inabana matundu na siku lesi itakapochoka utahangaika kuitoa. Lesi ya mkono huishi kuliko foronya. Nguo ikichakaa, unaitoa lesi na kuihamishia kwenye foronya mpya, kwa hiyo ishone kwa namna ya kutolewa.

Kitambaa cha stuli cha hariri

Kata mraba wa sentimita 42, upate sentimita 40 baada ya pindo. Hariri huteleza, hivyo itandaze juu ya gazeti tupu lisiloandikwa au karatasi ya kufungia, uibane, ukate nguo na karatasi kwa pamoja. Gazeti lenye wino litakuachia habari za wiki iliyopita kwenye kitambaa. Pini huacha matundu yasiyofutika, basi zichome ndani ya ile sentimita moja ya pindo tu.

Tatizo la Dodoma hapa ni mikono. Kiangazi hiki chetu kikavu hupasua ngozi, na kila mpasuko mdogo unanasa uzi wa hariri na kuuvuta. Kabla ya kuishika, chukua kijiko cha sukari na matone ya mafuta ya kupikia, sugua vidole na viganja dakika mbili, osha kwa sabuni, kausha kabisa. Kucha piga tupa. Mimi siku ya hariri sioshi vyombo wala sifui.

Pindo la hariri huviringishwa. Lowanisha kidole gumba, viringisha ukingo mara mbili uwe mwembamba kama kijiti cha kiberiti, ushone kwa mishono iliyofichwa. Ni kazi ya polepole, upande mmoja unaweza kunichukua saa nzima.

Lesi ya kitambaa hiki isiingizwe kroshia moja kwa moja kwenye hariri, utaipasua. Fuma utepe peke yake. Hesabu yake ni hii: pande nne za sentimita 40 ni 160, na kila kona ongeza mara mbili ya upana wa lesi, yaani sentimita 9, jumla 196. Maua 56 yanatoa kama sentimita 202, na yale machache ya ziada yatamezwa na kona. Ni mara mbili kamili ya pindo la foronya moja, kwa hiyo mawimbi yatakuwa 84. Kwenye kona kusanya ile ziada kwa uzi wa kukunjia mpaka lesi igeuke bila kuinuka. Ikiinuka, umeweka kidogo. Ikikunjana kama sketi ya binti wa shule, umezidisha.

Maji

Maji ya mji wetu kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi, kwenye visima vya Mzakwe na vingine vya watu binafsi, na maji ya chini huku yana chumvichumvi na madini. Sabuni haitoi povu upesi. Badala yake hufanya utando mweupe unaoshika kwenye uzi, na utando huo ndio unaokamata vumbi. Wengi wakiona hivyo huongeza sabuni, na wanazidisha ugonjwa.

Mvua zetu ni chache, Desemba hadi Aprili hivi, lakini zinatosha ndoo mbili tatu. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kinga ya pili, chuja kwa kitambaa, hifadhi kwenye madumu yaliyofunikwa kivulini. Hayo ndiyo maji yangu ya lesi na hariri mwaka mzima. Ukikosa, chemsha ya bomba, yaache yatulie usiku kucha, mimina ya juu ukiacha mashapo chini. Hiyo inapunguza madini kwa kiasi, haiyaondoi yote.

Lesi ya pamba. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo kwa nusu saa. Usiifikiche. Ikandamize kwa viganja, iache, ikandamize tena. Suuza mara tatu. Suuzo la mwisho liwe na kijiko kimoja cha siki nyeupe kwa lita moja ya maji, kuondoa ule utando. Usiikamue kwa kuisokota. Iviringishe ndani ya taulo na uikanyage.

Kitambaa chenye hariri. Maji baridi, shampuu laini ya nywele kijiko kimoja kidogo, dakika tatu hadi tano, basi. Sabuni ya mche na ya unga zina magadi, nayo hula protini. Dawa za kung'arisha zenye klorini huiyeyusha hariri kabisa. Nilifua skafu yangu ya kwanza kwa sabuni ya kipande, nikajivunia usafi wake, na baada ya wiki ilichanika kwenye mikunjo kama karatasi ya zamani. Siki kidogo kwenye suuzo la mwisho huirudishia mng'aro.

Doa la chai kwenye pamba nyeupe hutoka likilowekwa mapema kwenye maji baridi. La kutu hutoka kwa ndimu na chumvi, ukiiacha juani saa moja na kuisuuza. Kwa hariri usijaribu hayo ya ndimu, kwani jua na ndimu vyote ni adui zake.

Kuivuta, wanga na pasi

Lesi ikiwa ingali na unyevu, itandaze juu ya taulo kwenye godoro gumu, vuta kila wimbi kwa vidole, choma pini kwenye ncha yake. Mawimbi 42, pini 42. Hapa ndipo vitanzi vilivyopinda hunyooka na ua linaonekana. Mtu akiniuliza kwa nini lesi yangu inaonekana ya dukani, jibu ni pini, na si mkono wangu. Ziwe zisizoshika kutu. Nilishawahi kuchoma zile za bei rahisi usiku, asubuhi nikakuta nukta za rangi ya chai kuzunguka kitambaa kizima.

Wanga wa pamba: chuja unga wa muhogo kijiko kimoja cha chakula, koroga na maji baridi, mimina kwenye nusu lita ya maji yanayochemka, koroga mpaka yawe mazito kidogo na yenye kung'aa, poza, chuja tena. Chovya lesi, ikandamize, ivute kwa pini. Wapo wanaotumia sukari, na kweli inakaza vizuri. Lakini hapa kwetu sisimizi watakuja kuila kabla ya wageni hawajafika. Hariri haitiwi wanga wala sukari. Lesi iliyoshonwa kwenye hariri ivutwe kwa pini zilizochomwa kwenye lesi tu, na iachwe na ulaini wake.

Kuanika ni kivulini, ndani ya nyumba ikiwezekana, au nyuma ya pazia, ukiepuka saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Jua la hapa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, halina huruma. Linaifanya hariri kuwa ya manjano na kuzidhoofisha nyuzi zake. Upepo wa Julai na Agosti nao huleta vumbi jekundu linaloingia kwenye kila tundu ulilolifuma kwa mkono, nalo kwenye lesi yenye maji ni sawa na kuitia rangi.

Pasi: pamba kwa moto wa kati, kwa nyuma, juu ya taulo ili maua yasilale. Hariri kwa moto mdogo kabisa, kwa nyuma, ikiwa na unyevu kidogo, na usiinyunyizie matone maana yataacha madoa ya duara. Pasi ya mkaa siishauri kwa hariri. Haina kipimo, na jivu moja likidondoka basi.

Ukitaka kuuza

Tangu Serikali ilipohamia Dodoma kuanzia mwaka 2016 wageni wa mji huu wameongezeka, na zawadi za kichenpati na sendofu zimepata wanunuzi. Tatizo letu ni bei. Tunahesabu uzi, tunasahau saa. Andika saa kwa daftari unapofuma jozi ya kwanza. Tuseme zimekuwa 16, na unataka kila saa ikulipe shilingi 2,000. Hiyo ni 32,000 kabla ya uzi na foronya zenyewe. Mteja akikulinganisha na lesi ya mashine ya kwenye roli, usibishane. Mpe zote mbili mkononi, mwambie ageuze upande wa nyuma. Akiona hazitofautiani kwake, ile ya roli inamfaa na hakuna ubaya.

Bei ya hariri iweke pembeni na uieleze kwa mteja pamoja na namna ya kuifua. Mimi huandika kwa mkono kwenye kadi ndogo: maji baridi, shampuu, kivuli.

Kuweka

Mchwa wetu hula pamba, na mabuu ya nondo wa nguo hupenda protini, hivyo hariri nayo imo hatarini. Sanduku liinuliwe juu ya matofali, lisiguse ukuta. Viringisha vitambaa kwenye shuka kuukuu la pamba badala ya kuvikunja, kwa sababu hariri hukatika kwenye mkunjo. Mfuko wa plastiki usitumie kwa muda mrefu, huzuia hewa. Kitambaa kilichotiwa wanga kifuliwe kwanza utoke, maana wanga ni chakula cha wadudu. Dawa za vidonge vyeupe zisiguse nguo, zifunge kwenye kitambaa kingine pembeni.

Kitanzi kikikatika usingoje. Kila siku ya kungoja tundu linakuwa dirisha, dirisha linakuwa mlango. Pitisha uzi wa rangi nyingine kwenye vitanzi vilivyo wazi ili visifumuke zaidi, kisha chukua kroshia, jenga nguzo zilizopotea moja moja kwa uzi wa kibonge kilekile. Ndiyo maana yale mabaki ya jozi ya kwanza huyawekea bahasha yenye tarehe, ndani ya sanduku lilelile.